KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: Hofu Isiyo na Jina na Mafundisho ya Karen Horney

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuamka asubuhi ya mtihani na tumbo likakukata kana kwamba umekula sumu, ilhali chakula ulichokula jana ndicho walichokula watu wote wa nyumbani na hakuna mwingine aliyeumwa? Mimi nimewahi. Tangu nikiwa kidato cha kwanza, mtihani wa mwisho wa muhula ulipokaribia, tumbo langu ndilo lililokuwa la kwanza kujua. Shangazi yangu, ambaye ndiye ninayeishi kwake, alinipeleka zahanati mara mbili. Nikapimwa damu, nikapimwa choo, hakuna kilichoonekana. Daktari wa pale akasema, "Huyu msichana ana wasiwasi tu." Siku hiyo nilikasirika sana. Nilidhani anasema ninajifanya.

Basi likizo ya Desemba iliyopita, binamu yangu anayesomea ualimu alikuja nyumbani na vitabu vyake vya saikolojia, yaani elimu inayochunguza akili na tabia za watu. Jioni moja mvua ilikuwa ikinyesha na stima zilikuwa zimepotea. Nikachukua kimoja nikaketi nacho kando ya koroboi, kamusi mkononi, maana kiliandikwa kwa Kiingereza kigumu kuliko kile cha darasani. Kilikuwa na sura moja juu ya mwanamke aliyeitwa Karen Horney. Kufika ukurasa wa tatu nikahisi kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akinichungulia dirishani miaka hii yote akiandika anachokiona.

Hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu. Nimeona nieleze kwa lugha yetu wasiwasi ni nini, unatoka wapi, na kwa nini njia tunazotumia kuukimbia ndizo zinazotufunga zaidi. Sitajifanya mtaalamu. Nitaeleza nilivyoelewa, na nitasema ukweli kujihusu, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

KAREN HORNEY ALIKUWA NANI?

Karen Horney alizaliwa tarehe 16 Septemba 1885 huko Blankenese, karibu na jiji la Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa nahodha wa meli, mtu wa dini na mkali ajabu, ambaye safari zake za baharini zilimweka mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Karen alikua akiamini kwamba baba alimpenda zaidi kaka yake. Akiwa na umri wa miaka 13 alianza kuandika shajara, akiyaweka humo mambo ambayo hakuweza kumwambia mtu. Shajara hizo zilichapishwa mwaka wa 1980, miaka mingi baada ya kifo chake.

Siku hizo msichana kusomea udaktari lilikuwa jambo geni. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa ndiyo tu vimeanza kuwafungulia wanawake milango. Karen aliingia Chuo Kikuu cha Freiburg mwaka wa 1906, na mwaka wa 1915 akahitimu udaktari huko Berlin, wakati huo akiwa tayari mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Baadaye alipata binti wa tatu. Yeye mwenyewe aliandamwa na huzuni nzito nyakati kadhaa maishani, kwa hiyo alipoandika juu ya watu wenye dhiki za moyo, hakuwa akiandika habari za majirani tu.

Alisomea tiba iitwayo saikoanalisia. Tiba hii ilianzishwa na Sigmund Freud, daktari wa mji wa Vienna, Austria, aliyeishi tangu 1856 hadi 1939. Haitumii dawa wala sindano. Mgonjwa huzungumza na daktari husikiliza, siku baada ya siku, hadi yale yaliyozikwa moyoni yaanze kujitokeza. Freud alifundisha kwamba sehemu kubwa ya yanayotuendesha hatuyajui wenyewe. Ni kama muhogo: majani unayaona, lakini mzigo wenyewe uko chini ya udongo.

Horney alifundisha tiba hiyo Berlin katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1932 akahamia Chicago, Marekani, na mwaka wa 1934 akaenda New York. Wakati huo uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka na watu wengi wamepoteza kazi. Horney akaona jambo: wagonjwa wa Marekani hawakuwa na hofu zilezile za wagonjwa wake wa Ujerumani. Akajiuliza, ikiwa wasiwasi unatokana na maumbile tu, mbona unabadilika ukivuka bahari?

ALIPOTENGANA NA FREUD

Swali hilo ndilo lililomtoa katika njia ya mwalimu wake mkuu. Freud aliona kwamba ndani ya mtu mna vita kati ya tamaa za kimwili alizozaliwa nazo na sheria alizofundishwa, na kwamba wasiwasi ni king'ora kinacholia vita hivyo vinapokaribia kushindwa kuzuiwa. Horney hakukataa kwamba yako mambo yaliyofichika moyoni. Alikubali. Lakini alisema chanzo kikubwa kiko kwingine: kiko baina ya mtu na watu wake, na katika jamii inayomlea.

Aidha, Freud alidai kwamba wanawake hujiona wana upungufu kwa sababu ya maumbile yao. Wasichana wenzangu, mama huyu alimjibu! Alisema wanachotamani wanawake ni heshima na nafasi ambazo jamii imewapa wanaume, na akaongeza kwamba hata wanaume huenda wakaonea wivu uwezo wa mwanamke wa kuzaa. Maneno hayo aliyaandika wakati ambapo chama chao kiliongozwa karibu chote na wanaume.

Mwaka wa 1939 alitoa kitabu kilichochambua na kupinga mafundisho mengi ya Freud. Mwaka wa 1941 chama cha wanasaikoanalisia cha New York kikamwondolea ruhusa ya kuwafunza wanafunzi kama alivyokuwa akifanya. Hakuomba msamaha. Alitoka pamoja na wenzake kadhaa, na mwaka huohuo wakaanzisha chama na chuo chao wenyewe.

HOFU NI KITU KIMOJA, WASIWASI NI KINGINE

Sasa tuingie katika nadharia yenyewe. Horney alitofautisha hofu na wasiwasi katika kitabu chake cha mwaka wa 1937. Alisema vyote viwili ni jibu la moyo kwa hatari. Tofauti ni kwamba hatari inayoleta hofu inaonekana na kila mtu, lakini hatari inayoleta wasiwasi imefichika na iko ndani ya mtu mwenyewe.

Chukua mfano. Ukitoka shule jioni ukakutana na mbwa mkali asiyefungwa, moyo utadunda. Hiyo ni hofu. Aliye nyuma yako naye atadunda moyo, na mbwa akiondoka, yamekwisha. Lakini mimi nikiona karatasi ya hisabati tumbo linakatika, na mwenzangu niliyeketi naye anatafuna kalamu kwa raha zake. Karatasi ni ileile. Kwa hiyo ninachokiogopa hakimo katika karatasi. Kimo ndani yangu, na karatasi inakigusa tu.

Ndiyo sababu kumwambia mtu mwenye wasiwasi "acha kuogopa, ni mtihani tu" hakusaidii. Yeye mwenyewe anajua ni mtihani tu. Hajui ni nini kile kingine.

WASIWASI UNAZALIWA WAPI?

Horney alisema mtoto mdogo ana haja ya kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kujihisi yuko salama. Akiwa na mtu mmoja tu anayempenda kwa kweli na anayeweza kumtegemea, ataweza kustahimili mengi, hata umaskini, hata adhabu anayoiona ni ya haki. Lakini usalama huo ukikosekana, moyoni mwake hukua hisia ambayo Horney aliiita wasiwasi wa msingi. Ni kujiona uko peke yako, mdogo, huna nguvu, katikati ya dunia ambayo inaweza kukudhuru wakati wowote.

Ni mambo gani huondoa usalama huo? Alitaja mengi: wazazi wasiojali, au wanaobadilikabadilika, leo wanacheka na kesho wanafoka kwa kosa lilelile, kumdharau mtoto, kumpendelea ndugu mmoja, kumlazimisha mtoto achague upande wazazi wanapogombana, kumpa mzigo mkubwa kuliko umri wake, au kumchunga mno hata asijifunze lolote, kumtenga na watoto wenzake, na ahadi zisizotimizwa.

Niliposoma hilo la mwisho nilifunga kitabu kwanza.

Mimi nililetwa kwa shangazi nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa amepata kazi Mombasa, na alisema atanijia Krismasi. Alikuja baada ya Krismasi tatu. Simlaumu. Sasa ninaelewa kwamba hakuwa na nauli wala mahali pa kunilaza, na pesa alizotuma ndizo zilizoninunulia sare. Lakini mtoto wa miaka saba haelewi habari za nauli. Anaelewa kwamba amekaa kwenye kizingiti na hakuna aliyekuja.

Horney anaendelea kusema kwamba mtoto wa namna hiyo huwa pia na hasira. Lakini je, atamkasirikiaje mtu anayemlisha? Anaogopa akionyesha hasira, hata kile kidogo alicho nacho kitaondoka. Basi anaimeza. Hasira iliyomezwa haiyeyuki kama sukari. Inakaa ndani, na kwa vile mtoto mwenyewe hakubali kwamba anayo, inamrudia kwa sura ya wasiwasi. Wasiwasi unamfanya atake kupendwa zaidi. Akitaka sana kupendwa, dogo tu likimpungukia anaona ametupwa. Akijiona ametupwa anakasirika. Na akikasirika anaogopa tena. Ni duara, kama punda wa kinu azungukaye mchana kutwa asifike popote.

NJIA TATU ZA KUKIMBIA

Mtu hawezi kuishi na wasiwasi mtupu. Atatafuta pa kujificha. Mwaka wa 1942 Horney alitaja haja kumi ambazo watu wenye dhiki hii huzing'ang'ania, lakini katika kitabu cha mwaka wa 1945 alizikusanya katika njia tatu. Hapa ndipo nilipowaona watu wote wa darasa letu, na mimi nikiwa wa kwanza.

Njia ya kwanza ni kuwaendea watu. Mtu huyu husema moyoni, "Ukinipenda, hutanidhuru." Ni mpole, hakatai kitu, anaomba radhi hata akikanyagwa yeye. Watu humsifu kwa adabu njema. Kumbe ndani anatetemeka kwamba akisema "hapana" mara moja tu, atabaki peke yake.

Njia ya pili ni kuwapinga watu. Huyu husema, "Nikiwa na nguvu, hakuna atakayenidhuru." Lazima ashinde kila ubishi, awe mbele kila mahali, awacheke wanyonge. Tunamwona jeuri, naye ni mwoga kama mimi, ila amevaa vazi tofauti.

Njia ya tatu ni kuwakimbia watu. Huyu husema, "Nikijitenga, hakuna kitakachonifikia." Hakopi wala hakopeshi. Ukimuuliza habari za nyumbani atasema "nzuri" na mlango umefungwa. Anajivunia kwamba hamhitaji mtu yeyote.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi hukosea. Horney hakusema kwamba njia hizi ni mbaya. Mtu mzima kiakili huzitumia zote tatu. Kuna wakati wa kumwendea mwenzio kwa upole, kuna wakati wa kusimama imara na kupinga, na kuna wakati wa kukaa peke yako ukatulia. Ugonjwa unaanza pale ambapo mtu anabaki na njia moja tu na hana uhuru wa kuchagua. Mpole anakuwa mpole hata anapoibiwa. Mpiganaji anapigana hata na anayemsaidia. Hali hiyo ya kufungwa na mizozo ya ndani, ingawa mtu si mwendawazimu na anakwenda shule au kazini kama kawaida, ndiyo iliyoitwa niurosisi.

Isitoshe, njia mbili zilizosalia hazifi. Zinajificha. Kwa mpole, hasira iko palepale inangoja.

Wacha nitoe ushahidi wangu. Muhula wa pili wa kidato cha pili, rafiki yangu mmoja aliniomba nimwandikie insha. Nikamwandikia. Wiki iliyofuata akaomba tena, na tena, hadi ikawa desturi. Kila mara ningejiambia leo nitakataa, na kila mara ningesikia mdomo wangu ukisema, "Sawa, lete daftari." Usiku nilikesha na insha mbili, yake na yangu, na yake ndiyo niliyoianza. Mwalimu akagundua, kwa sababu kosa moja la tahajia lilikuwa katika daftari zote mbili. Tulipoitwa, kabla hata ya kuulizwa, nilisema ni mimi niliyejitolea, kwamba yeye hakuomba. Nikafyeka nyasi siku tatu. Yeye siku moja.

Wenzangu walisema nina moyo wa dhahabu. Sasa ngoja msikie lililotokea nyumbani. Siku ya tatu nilifika jioni nimechoka, na mtoto wa shangazi, mwenye miaka mitano, akaja mbio kunipokea mkoba, akaudondosha katika matope. Nikamzaba kofi. Alinyamaza kwanza, akaniangalia, halafu ndipo akalia. Alikuwa amekuja kunipokea.

Lile kofi halikuwa lake. Sikujua hivyo wakati ule. Nilijua baada ya kusoma sura ile, na niliona aibu ambayo hadi leo ninayo.

UDHALIMU WA "LAZIMA"

Katika kitabu chake kikubwa cha mwisho, cha mwaka wa 1950, Horney aliongeza jambo lingine. Alisema mtu asiyejihisi salama hujitengenezea moyoni picha ya mtu mwingine, mtu asiye na kasoro, kisha hujilazimisha kuwa huyo. Maisha yake yote yanajaa "lazima". Lazima niwe wa kwanza. Lazima kila mtu anipende. Lazima nisichoke, nisikasirike, nisisahau. Na kwa vile hakuna binadamu anayeweza kuzitimiza, kila siku anajihukumu na kujichukia. Horney aliyaita maisha hayo udhalimu wa lazima, kwa sababu ni kama kutawaliwa na mfalme katili, ila mfalme mwenyewe ni wewe.

Sisi wanafunzi tunamjua mfalme huyu. Msinielewe vibaya, sisemi tusisome. Kutaka kufaulu ni jambo jema. Tofauti ni hii: anayetaka kufaulu akianguka anahuzunika, anachukua daftari anaangalia alikosea wapi. Anayetawaliwa na "lazima" akianguka haoni kwamba ameanguka somo. Anaona yeye mwenyewe ndiye aliyefutwa.

Dhidi ya picha hiyo ya uongo, Horney aliweka nafsi ya kweli, yaani uwezo aliozaliwa nao kila mtu wa kukua kwa namna yake. Alitoa mfano wa mbegu ya mwaloni: huhitaji kuifundisha kuwa mti, ipe tu nafasi ifaayo. Sisi tungesema kokwa la embe. Hulitishi wala hulipi zawadi ili lichipuke. Unalipa udongo, maji na jua. Mtoto naye hukua hivyo akipata upendo na mwongozo, na hata kukataliwa pale panapostahili kukataliwa.

Na je, aliyekwisha kupinda? Wahenga husema samaki mkunje angali mbichi, na Freud pia alitilia mkazo sana miaka ya utotoni. Horney hakukata tamaa kiasi hicho. Aliamini mtu anaweza kubadilika maadamu yu hai, na kwamba kazi ya tiba ni kumsaidia aone njia aliyojifungia, gharama anayolipa, na woga ulio chini yake.

JE, YOTE NI KWELI?

Haifai kumeza kitu bila kutafuna, hata kikiwa kitamu. Horney alipata mawazo yake kwa kusikiliza wagonjwa, wengi wao watu wa miji ya Ujerumani na Marekani. Hakuwapima watu maelfu kwa maelfu, na mambo kama "nafsi ya kweli" hayapimiki kwa rula. Hata neno niurosisi limepungua matumizi. Mwaka wa 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliacha kulitumia kama jina kuu la kundi la magonjwa, na leo madaktari hutaja matatizo ya wasiwasi kwa majina yake mbalimbali. Wanajua pia kwamba urithi na mwili wenyewe vina sehemu yake. Kwa hiyo si kila wasiwasi ni kosa la wazazi, na anayeumwa tumbo aende kwanza hospitali apimwe kama mimi.

Tena, njia zile tatu si lebo za kuwabandika watu. Nilipozisoma nilianza kuwapanga wenzangu, huyu wa pili, yule wa tatu, hadi binamu yangu akanicheka. "Wewe umempata kila mtu ila hujajipata," akaniambia. Alisema kweli.

Lakini mawazo ya mama huyu hayakuzikwa naye. Alifariki New York tarehe 4 Desemba 1952, na mwaka wa 1955 kliniki yenye jina lake ilifunguliwa katika jiji hilo. Kwangu mimi ushahidi uko karibu zaidi kuliko New York.

KISA CHA SUFURIA

Muhula huu, wiki moja kabla ya mtihani, tumbo lilianza tena. Usiku nilikuwa nikiosha vyombo na shangazi akipepeta mchele wa kesho. Nilikuwa nimejiuliza siku nyingi: ninaogopa nini hasa? Si alama. Nikashtukia nimeshalisema.

"Shangazi, naogopa nikianguka utanirudisha."

Akaweka ungo chini. "Nikurudishe wapi?"

Sikujua nimjibu nini.

"Nani alikwambia nitakurudisha? Mimi?"

"Hapana, Shangazi."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Basi umekaa miaka tisa kwangu ukilia na neno ambalo hakuna aliyelisema." Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia, "Hiyo sufuria sugua na chini, imeshika," akauchukua ungo wake akaendelea kupepeta. Shangazi yangu si mtu wa maneno mengi. Lakini usiku huo alikuja kunifunika blanketi, jambo ambalo hajalifanya tangu niwe mkubwa.

Kumbe mtihani niliokuwa nikiuogopa miaka yote haukuwa wa hisabati. Kilichoniuma ni kizingiti kile cha Krismasi. Hiyo ndiyo hatari iliyofichika aliyoieleza Horney, na ilikuwa nguoni mwangu mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Asubuhi ya mtihani tumbo liliuma, ila lilikuwa la kuvumilika, nami nilimaliza karatasi. Yule rafiki yangu aliniomba insha tena, na kwa mara ya kwanza nikamwambia, "Hapana, ila nitakuonyesha jinsi ya kuipanga." Magoti yalikuwa yakitetemeka. Hakunisemesha wiki mbili, na hadi sasa hatujarudi tulivyokuwa. Nilidhani likinitokea hilo nitakufa. Sikufa. Mtoto wa shangazi nimemwomba msamaha. Yeye alikuwa ameshasahau, akaniuliza kama nina peremende.

Msomaji mpenzi, ikiwa nawe una hofu isiyo na jina, usione haya. Jiulize unamkimbilia nani, unampiga nani, au unamkimbia nani. Kisha tafuta mtu mmoja unayemwamini, awe mzazi, mlezi, au mwalimu wa ushauri na uelekezaji, umwambie lile neno lenyewe. Likizidi, uone daktari. Nanyi wazazi na walimu mtakaosoma jarida hili, mkimwona mtoto asiyewasumbua hata kidogo, msimsifu tu. Muulizeni pia kama anaogopa.

Kalamu yangu naiweka hapo. Nawatakia mitihani mema, na matumbo yaliyotulia.